Madam Aliweka S, Maji Hakumpa

Ijumaa, mwezi wa kumi na moja, saa tisa alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika, ila upepo wa ziwani bado unapanda mlima na bati letu linapigapiga kama mtu anabisha hodi.

Nina hasira. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na salamu nitapoa, na leo sitaki kupoa haraka.

Binti yangu Nyamizi amelala nyuma yangu. Nimemvalisha soksi za baba yake, zimempanda mpaka magotini. Kila nikiandika mistari miwili nageuka kumwangalia kama anahema sawasawa. Anahema. Basi naandika tena miwili.

Kwa aliyeingia humu leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mama wa Mabatini, kule juu kwenye mawe, na genge langu la dagaa wakavu na nyanya liko chini barabarani. Nimesoma mpaka la saba, nikaishia hapo. Blogu hii alinifungulia mpwa wangu, akaniambia, "Mama mdogo, maneno yako ni mengi, yatafutie pa kukaa." Wengi mnaonisoma ni akina mama tuliojuana kliniki ya sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Nyinyi sina haja ya kuwaeleza. Mtoto wa sikoseli anataka maji, maji, tena maji. Anataka asipigwe na baridi. Na akisema anaumwa, aaminiwe pale pale, siyo mpaka kipindi kiishe.

Mambo matatu tu. Kwa Kiswahili nayasema hata nikiamshwa usingizini.

Shida ni kwamba shule ya Nyamizi hawataki Kiswahili.

Baba yake yuko Geita machimboni, na ndiye aliyeng'ang'ania shule ya Kiingereza. Alisema hataki binti yake aje kuduwaa mbele za watu kama alivyoduwaa yeye siku walipokuja wageni kuwauliza habari za mashimo, akabaki anatikisa kichwa tu kama mjusi. Sikubisha. Na mimi nilitaka. Sasa kila mtoto pale ana dayari ya shule, kidaftari cha jalada la bluu. Mzazi anaandika humo neno lake, mwalimu anajibu. Zamani tulikuwa tunaandika Kiswahili na hakuna aliyesema kitu. Muhula huu mwalimu mkuu akatoa tangazo: kwenye dayari ni Kiingereza tu, wazazi nao wajitahidi, ili nyumbani na shuleni pafanane.

Jamani. Mzazi mwingine anaandika "nimeona, asante", amemaliza. Mimi ninachoandika ni mtoto aishi.

Na mwalimu aliyekuwa anajua habari za Nyamizi alienda kujifungua mwezi uliopita. Darasa akalichukua Madam Koku. Nadhani hawakuachiana neno. Nami sikwenda kumwambia kwa mdomo, kwa sababu ofisi ile unaingia unakuta wanaongea Kiingereza hata wakiombana chumvi, unajiona umeingia na miguu ya matope. Nikasema nitaandika. Nitaandika vizuri, ataelewa.

Jumapili baada ya kanisa nilishuka kwa Majaliwa. Majaliwa ana steshenari pale chini, anachapa barua, anatoa kopi, na Kiingereza anakijua kwa sababu alifika kidato cha sita. Nilimbebea dagaa kidogo kwenye mfuko, maana kwenda kwa fundi mikono mitupu siyo heshima.

"Majaliwa, leo nataka unifundishe hii s yenu."

"S gani tena, mama Nyamizi?"

"Hii inayowekwa mkiani. Mwenzio naandikiwa nyekundu kila wiki."

Kweli naandikiwa. Tangu Madam Koku alichukue darasa, kila neno langu linarudi na wino. Niliandika homeworks nikiwa na maana ya kazi za nyumbani, nikaambiwa haina s. Wiki iliyofuata nikaandika two exercise book, madaftari mawili, nikaambiwa hiyo sasa ina s. Nikachoka. Kazi za nyumbani zinakuja rundo kila siku, hazina s. Madaftari mawili tu, yana s.

Majaliwa akachukua karatasi iliyoharibikia kwenye mashine, akaigeuza upande mweupe. Akasema ni rahisi mno, kimoja hakina s, vingi vina s. Nikamwambia kwetu neno linabadilika kichwani: kitabu, vitabu, mguu, miguu. Wao linabadilika miguuni. Sisi tunalivalisha neno kofia, wao wanalivalisha viatu.

Akacheka. "Hiyo naichukua, mama Nyamizi. Nitawafundishia watu."

"Haya, mtoto?"

"Child."

"Wakiwa wengi ni childs."

"Hapana. Children."

"Viatu vimeenda wapi?"

"Huyo anatembea peku."

Tulicheka mpaka mteja aliyeleta kitambulisho chake kutolewa kopi akauliza kama tumelewa. Halafu nikauliza lile lililonipeleka.

"Na maji?"

"Water. Hayo hayana wingi, mama. Hayahesabiki."

Hapo nikaona ananichezea. "Hayahesabiki vipi? Mimi kila asubuhi napandisha madumu manne kwenye yale mawe, shingo inataka kukatika, halafu wewe umekaa kwenye kiti unaniambia hayahesabiki?"

"Unayahesabu madumu, mama Nyamizi. Maji yenyewe huyahesabu."

Alinishinda. Nilipanda mlima nikiwatazama wanawake wenzangu wenye ndoo kichwani, nikisema moyoni, ndoo ina wingi, maji hayana, ndoo ina wingi, maji hayana. Nilijiona msomi.

Nyumbani msomi akakwama.

Nilitaka kuandika chupa mbili za maji. Chupa ni bottle. Maji ni water. Yote yako kwenye mstari mmoja, yamepangana kama watu kwenye foleni. Sasa hiyo s naiweka kwa nani? Kwa chupa, kwa sababu zinahesabika? Au mwisho kabisa wa mstari, kwa sababu Majaliwa kasema mkiani? Mkia wa nani sasa? Kwenye maji haikai, hilo nilishaambiwa. Nikiiweka kwenye chupa, itasomeka chupa mbili, au itasomeka machupa mengi tu, wamjaze mtoto mpaka atapike?

Halafu kuna mguu. Nilitaka kusema akilalamika mguu, nipigieni simu. Mguu au miguu? Wenzangu wa kliniki mnajua. Leo ni goti la kushoto, kesho nyonga zote, keshokutwa mkono. Maumivu hayo hayaji na idadi. Nikiandika mguu mmoja halafu siku hiyo yakaja yote miwili, si watasema mama hakusema hivyo? Nilikaa na kalamu mkononi mpaka ugali ukapoa. Karatasi nzima ni bottle, bottles, leg, legs, nimefuta mpaka imetoboka.

Nyamizi alikuwa anakula, akaniangalia. "Mama, lete niandike mimi."

"Wewe ndiye mgonjwa. Mgonjwa hajiandikii dawa."

Nilisema kwa utani, lakini ndani siyo utani. Sikutaka mtoto wa miaka tisa aandike kwa mkono wake kwamba akilia aaminiwe. Kuna vitu mtoto hatakiwi kujiombea.

Sasa niungame. Jumatatu sikuipeleka.

Sentensi ilikuwepo kwenye karatasi ya pembeni. Lakini sikuwa na uhakika na s yangu, na Majaliwa alikuwa bado hajafungua. Niliogopa wino mwekundu. Mwanamke mzima mimi. Nimekulia Ukerewe, nimevuka maji mawimbi yakiingia kwenye mtumbwi na sikupiga kelele. Halafu naogopa kalamu ya binti ambaye angeweza kuwa mwanangu. Nilimjazia Nyamizi chupa zake mbili, nikamwambia kunywa mwanangu usisahau, akaenda na dayari tupu. Siku hiyo jua lilitoka. Mungu alinisitiri, lakini kusitiriwa siyo akili.

Jumanne nikaandika. S zote niliziacha. Nilifikiri ni kama chumvi, ikipungua mtu anaongeza, ikizidi huwezi kuitoa. Nanakili hapa kama ilivyokuwa, msinicheke sana:

Dear teacher. My child have sickle cell. Please she drink two bottle of water in class. Cold is bad for her. If she say leg is pain, call me.

Yaani mtoto wangu ana sikoseli, tafadhali anywe chupa mbili za maji darasani, baridi ni mbaya kwake, akisema mguu unamuuma nipigie. Namba ya simu niliiweka chini. Niliiandika mara mbili, kama vile simu nayo inahitaji kusisitiziwa.

Nyamizi akaenda nayo, nayo ikabaki shule, maana madam huzirudisha kesho yake. Nililala vizuri. Nilishasema. Sasa wanajua.

Jumatano ikanyesha ile mvua ya ziwani inayokuja kwa ubavu, mwavuli haina habari nao. Nilimvalisha koti jekundu juu ya sare, nikamfunga vifungo mpaka kidevuni.

Saa tisa basi la shule lilimshusha mbele ya genge langu. Hakuwa na koti. Lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, limekunjwa vizuri, kwa sababu asubuhi aliambiwa alivue, siyo rangi ya sare. Alishuka ngazi moja akasimama, ameshika mlango wa basi. Hakuwa analia. Nyamizi akilia nakuwa na nafuu, najua ni kidogo. Asipolia ndiyo kuna kazi.

Sikupanda naye hata nyumbani. Nilimwachia jirani yangu wa nyanya genge, nikasimamisha bajaji, tukaenda hospitali mtoto akiwa mapajani mwangu kama alivyokuwa na miaka miwili. Njiani nikauona mkoba wake mzito. Nikaufungua. Chupa zote mbili zimejaa mpaka shingoni, vilevile nilivyozijaza alfajiri.

"Kwa nini hukunywa, mama?"

"Chupa zinakaa kwenye shelfu nyuma. Mpaka tuombe."

"Si ungeomba?"

"Niliomba." Akaegemea kifua changu. "Niliomba kwa Kiswahili. Madam akasema niombe vizuri. Nilikuwa naumwa, Kiingereza kikanipotea."

Dereva wa bajaji aligeuka kuniangalia, akaongeza mwendo bila mimi kumwambia.

Walimwekea dripu. Nesi alikuwa mpole, Mungu ambariki, alimpata mshipa mara ya kwanza. Nilipokuwa natafuta kadi ya kliniki kwenye mkoba, nikaitoa dayari. Nikaifungua pale pale kwenye benchi. Nilikuwa nataka kuona amejibu nini.

Palikuwa pamejaa nyekundu. Have ilikatwa ikawekwa has. Bottle imewekewa s, nzuri, ya mviringo, kama iliyochorwa. Leg imewekewa s. Chini yake ameandika, Good effort mama, watch your plurals. Yaani nimejitahidi, ila niangalie wingi. Na pembeni akabandika nyota ya dhahabu, zile wanazopewa watoto.

Basi. Hakuna kingine.

Niliisoma mara tatu. Nilitafuta neno moja tu kuhusu maji, au kuhusu baridi, au hata "sawa mama". Hakuna.

Kumbe s inakaa kwenye chupa. Nimeijua nikiwa kwenye benchi la hospitali, mwanangu ana sindano mkononi.

Nyamizi akafumbua jicho moja, akaiona dayari. "Mama, umepata ngapi?"

"Nyota moja."

"Mimi hajawahi kunipa nyota," akasema, akalifumba.

Nilicheka. Nikalia pia. Nesi akaniletea kiti nikae karibu na kitanda.

Jana mchana walituruhusu. Leo asubuhi dada yangu alikuja kukaa na mtoto, nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikaenda shule. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yote yalikuwa mabaya.

Getini kuna kibao kinachosema kwa Kiingereza kwamba kuanzia hapo kinazungumzwa Kiingereza. Chini ya kibao amekaa mlinzi, mzee wa Kisukuma, amejifunika blanketi mabegani.

"Mwangaluka, mayu!" Hapo ananiita mama, ananipa habari za asubuhi kwa Kisukuma, chini ya kibao hicho hicho.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo. Wewe hawakuandikii nyekundu?"

"Marahaba. Mimi sina dayari," akasema, akanifungulia.

Madam Koku alikuwa kwenye meza yake. Ni binti wa Kihaya, mwembamba, ana sauti ndogo. Mbele yake dayari zimepangwa marundo mawili na kalamu nyekundu ameiweka sikioni kama fundi seremala. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo mama. Nyamizi anaendeleaje? Hajaja jana na leo."

"Marahaba." Nikaweka dayari mezani, nikafungua ukurasa. "Madam, nisomee hapa."

Akaanza kusoma kwa Kiingereza, taratibu, ananyoosha pale nilipopinda.

"Hapana. Nisomee kwa Kiswahili."

Akaniangalia. Akaangalia mlango. Halafu akasoma. "Mwalimu mpendwa. Mtoto wangu ana sikoseli. Tafadhali anywe chupa mbili za maji darasani. Baridi ni mbaya kwa..."

Hakumaliza. Aliweka kiganja juu ya maneno yangu kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Mungu wangu, mama."

"Juzi alikuwa na dripu," nikasema. "Chupa zimerudi zimejaa."

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Nilikuwa na haki. Lakini akaniuliza jambo ambalo halikuwa kwenye mipango yangu.

"Mama, si ni wewe uliyesimama kwenye kikao cha wazazi?"

Ni mimi. Sasa niseme ambalo sikulisema huko juu kwa sababu nilikuwa nimelisahau, au nilijifanya nimelisahau. Mwanzo wa muhula, siku ya tangazo la Kiingereza, wazazi walinung'unika, mimi nikasimama. Nikasema, walimu, msituonee aibu. Mkiona tumekosea kwenye dayari mtusahihishe, na sisi tusome pamoja na watoto wetu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwalimu mkuu akasema huyu ndiye mzazi wa kuigwa. Nilitembea wiki nzima na yale makofi mgongoni.

"Nilipolichukua darasa, nikaiona dayari yako, nikasema ndiye yule mama," Madam Koku akasema. "Nikawa nakusahihisha kwa moyo wote. Wengine siwasahihishi, naweka sahihi tu. Yako naikalia. Nilikuwa naangalia makosa, nikusaidie. Nimeziona herufi zote, mama. Ulichokuwa unaniambia sikukiona."

Nilitafuta pa kumshika nimchukie, nikapakosa.

Lakini bado palikuwa na lile la bajaji. "Na maji? Aliomba, madam. Aliomba kwa mdomo."

Akainamisha kichwa. Akasema kuna karatasi inayoandikwa majina ya wanaoongea Kiswahili darasani, na akimruhusu mmoja wengine wanapiga kelele kwamba anapendelea. "Nilimwambia aombe vizuri, akakaa chini. Nikajua hana kiu sana. Angekuwa na kiu angesema."

"Mwanangu akiumwa, Kiingereza kinamtoka. Hata wewe, madam, siku ya kujifungua utamwita mama yako kwa Kihaya. Hutaitafuta s."

Alicheka huku machozi yanamdondoka, akayafuta kwa kanga aliyokuwa ametandika kwenye kiti. Akasema ni kweli. Akasema samahani mara nyingi, mpaka nikamwambia imetosha, nisije nikaanza kumbembeleza yeye.

Tukaenda wote kwa mwalimu mkuu. Hapa ndipo hasira yangu ya sasa ilipo, siyo kwa yule binti.

Mwalimu mkuu ni mtu wa adabu. Alitupa viti. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amesikitika sana, kuanzia Jumatatu chupa za Nyamizi zikae juu ya dawati lake, anywe bila kuomba, na koti avae la rangi yoyote. Nikashusha pumzi. Nikasema asante mwalimu, basi nitaandika vizuri kwenye dayari, kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza, ili hata madam asipokuwepo, mwalimu yeyote atakayeingia aone.

Akatabasamu. "Hapo sasa mama, tuvumiliane. Tukimruhusu mmoja, kesho dayari zote zimerudi kwenye Kiswahili. Na wewe ndiye mfano wetu. Umebakiza wingi na umoja tu."

Umebakiza wingi na umoja tu.

Nilitakiwa kusema nini? Nilikuwa na maneno mengi tangu asubuhi. Nilitakiwa kumwambia kwamba madam anajua leo, lakini wiki ijayo anaweza kuwa semina, au mgonjwa, na mtu mwingine akaingia darasani akaona koti jekundu na chupa mezani, akaviondoa. Nilitakiwa kumwambia kwamba huo wingi na umoja nitaujua, najifunza, lakini mtoto hawezi kusubiri mama yake afaulu. Kichwani yalikuwepo yote, yamenyooka.

Nikasema, "Asante mwalimu."

Asante! Hata nikainama kidogo. Nikatoka.

Mpaka nafika kwa Majaliwa nilikuwa nataka kujizaba kofi. Nikamsimulia. Alikuwa anachapa barua ya mtu, akaacha. Akaniambia, "Mama Nyamizi, lete nikuandikie Kiingereza safi, hakuna atakayegusa hata nukta." Ni wazo zuri. Nilikaribia kukubali. Halafu nikafikiri, ile ya Jumanne haikuwa safi, lakini Madam Koku aliielewa yote, si aliitafsiri mbele yangu bila kukwama? Kilichokosekana siyo s. Kiingereza kikiwa safi, watakisifu. Kikiwa kibovu, watakisahihisha. Ila mtu akikuta Kiswahili katikati ya Kiingereza chao chote, atashtuka, na akishtuka atasoma.

Nimempigia na baba yake Geita. Alimuulizia mtoto kwanza. Akasema, "Mama Nyamizi, usigombane na shule. Tumehangaika sana kumfikisha hapo." Namwelewa. Naye ana hofu yake. Nilimwambia sigombani na mtu.

Sigombani kweli. Kiingereza siachi, Jumapili nashuka tena kwa Majaliwa, ameniahidi somo la zile zinazobadilika tumbo, kama foot na feet. Nataka kuzijua. Nataka siku moja Nyamizi aniletee kitabu chake nami nisome mstari mzima. Hilo ni langu na nitalipata kwa mwendo wangu.

Lakini dayari siyo daftari langu la mazoezi. Nilikosea niliposimama kwenye kile kikao nikaifanya iwe.

Ameamka. Ameomba maji. Nimempa, amekunywa kikombe chote, amerudi upande wa ukutani. Anasema mguu umebaki unauma kidogo kama umekaliwa na mtu.

Nimechukua dayari, nimefungua ukurasa wa kwanza kabisa, wenye jina lake na darasa lake, na pale palipobaki wazi nimeandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa za mtu wa la saba:

NYAMIZI ANA SIKOSELI. MPE MAJI KILA ANAPOTAKA. USIMVUE KOTI. AKISEMA ANAUMWA MWAMINI, HATA AKISEMA KWA KISUKUMA. MIMI MAMA YAKE.

Mwalimu mkuu akitaka kusahihisha, ampe mtoto maji kwanza, halafu achukue kalamu.

Jumatatu nampeleka mwenyewe. Najua nitaitwa ofisini, na huenda nitasema tena asante pale nisipotakiwa. Labda watanipa barua. Labda watasema nitafute shule nyingine.

Ukurasa siuchani.